Volan Mara Mbili, Alama Mara Moja

Ilianza siku ya lundi, jumatatu ya kwanza ya vakansi kubwa ya masomo, saa mbili na robo asubuhi, mbele ya atelier, karakana ya Papa Kasereka, pale mu mutaa wa Kimemi. Ninajua saa vizuri sababu nilifika saa mbili kamili, na dakika kumi na tano zote nilisimama inje nikitafuta namna ya kupiga hodi, na mulango wenyewe ulikuwa wazi.

Nimestaafu jana, samedi, siku ya jumamosi. Niko na miaka kumi na saba. Kazi yangu yote ilidumu wiki munane. Batu bengine banaandika bintu kama hivi nyuma ya miaka makumi tatu, na banaelezea vile walipanda cheo. Mimi sikupanda hata ile ngazi ya kufikia rafu ya juu, sababu iko na muguu moja uliovunjika. Mais lakini Papa Kasereka anasemaka kila mutu anayetoka lazima aachie kitu yule anayekuja, na mimi sikuwa na kitu ingine, ni hii cahier tu, daftari la kazi. Donc basi, wewe utakayeshika bic, hii kalamu, nyuma yangu, soma. Ukicheka, cheka polepole.

Mama yangu njo alinitafutia hii kazi. Anauzisha makayabo, samaki ya chumvi, ku soko, anaongea na batu mia kwa siku, na alichoka kuwa na mutoto anayejificha mu chumba kila mugeni akiingia. Alikuwa anasema siku nyumba itaungua, Kavira, ni kusema mimi, atangoja mutu amuulize kama yuko ndani. Papa Kasereka naye alikuwa anatafuta mutu mwenye maandishi mazuri. Yeye anaandika kama kuku iliyokanyaga mafuta, tena macho yake ya karibu yalianza kumutoroka. Anaona mbuzi ku kilima cha ngambo, anakuambia hata ni ya nani, mais hasome namba ya funguo, ile spana, anayoshika mu mukono.

Mu ile atelier tunatengeneza motere za moulin, ile mashine ya kusaga unga, za pompe ya maji, za kutoa umeme. Nyingi zinafika zikiwa zimeshafunguliwa na mutu mwengine, akazifunga vibaya. Na Papa Kasereka iko na desturi yake. Motere ya namna ile haifunguliwe mbio. Kila chombo kinachotoka kinalazwa ku bâche, turubai ya bluu, kwa mupango kilivyotoka, na mwenye cahier anaandika pembeni: ilikutwa namna gani, iko na kosa gani. Kisha hakuna mutu anayegusa tena mpaka yule aliyeifunga mbele aitwe, aje aone na macho yake. Papa anasema mutu hasemwe kama hayuko, na makosa yake vile vile hayasemwe kama hayuko. Kambale, mufanyakazi wake mukubwa, anaita ile desturi matanga ya motere. Anasema maiti imelala, wajane wamefika, inakosa tu kahawa.

Kambale njo alinipa jina Madame Bic. Siku ya kwanza aliniagiza funguo ya kumi na saba, nikamuletea ya kumi na mbili. Akaangalia ile funguo, akaniangalia mimi, akasema pengine ile motere itapunguka kidogo tukiingoja.

Sasa lazima nikuambie ugonjwa wangu, sababu bila ule ugonjwa hakuna habari. Mimi ninaitika na kichwa. Mutu akiniuliza kama nimekula, kichwa kinashuka. Kama nimeelewa, kichwa kinashuka. Mudomo unabakia nyuma unangoja zamu yake, na zamu haifike. Papa Kasereka alinionyesha segment, zile pete tatu za chuma zinazovaliwa na piston, akauliza kama nimeelewa. Kichwa kikashuka. Mais ku masomo segment ni mustari unaotoka ku A ukafika ku B. Siku tatu nzima nilikuwa ninatafuta mustari ndani ya motere. Siku ya ine niliona Kambale anaita pete "segment", na nikaandika haraka sana mu cahier kama mutu aliyejua tangu tumbo la mama.

Kulikuwa na kazi zingine. Kulikuwa na motere ya pompe ya mutu wa Luofu, iliyokuwa inakula mafuta na haivute maji. Tulipoifungua tulikuta ndani kipande cha kitenge, kizima, na maua yake. Tukamwita yule aliyeifunga. Alisimama mbele ya bâche, akainama, akasema pole pole kama mutu mu kanisa kwamba bibi yake alimutafutisha kile kitambaa mwezi muzima. Niliandika: kitambaa kimoja, maua ya njano, kimerudishwa kwa mwenyewe. Ile page njo nzuri kuliko zote mu kazi yangu. Ingekuwa heri nistaafu siku ile.

Lundi ya wiki ya munane, ya mwisho, akaingia Mama Kanyere. Alikuwa amehama toka Beni na moulin yake ya kusaga mihogo na mahindi, akafungulia Kimemi karibu na kwetu. Mbele ya kuhama, motere ilitengenezwa upya kule Beni. Akasema inatoa moshi mingi, na inatembea. Tulifikiri ni namna ya kusema. Tukaenda kuona. Akaiwasha, na mbele ya macho yetu ile motere ikasogea pamoja na mbao zake, nusu ya hatua, ikielekea mulango. Kambale akasema basi, inarudia Beni. Tulicheka wote, isipokuwa Mama Kanyere, sababu ile motere njo inalisha batoto bake bane, na Papa Kasereka, sababu aliuliza nani aliifunga, na jibu lilikuwa Mzee Salumu.

Mzee Salumu njo alimufundisha Papa Kasereka kazi. Ni fundi wa Beni wa tangu zamani, batu ba malori banamujua. Funguo ya kwanza Papa alishika mu maisha yake ilikuwa ya Mzee Salumu, na aliishika vibaya, akapigwa nayo ku vidole. Alituambia kwamba Mzee anaachiaka bafanyakazi kazi ingine yote, mais pinyo, yale magurudumu ya meno ndani ya motere, anaweka yeye mwenyewe, hakuna mukono mwengine unaogusa. Na kwamba Mzee alisema mbele ya bote, zamani, kwamba siku atakosa alama ya pinyo ataweka funguo zake chini, sababu siku ile haitakuwa mukono uliochoka, itakuwa macho yamekwisha.

Kesho yake, mardi, tukailaza ku bâche. Segment tatu zote zilikuwa zimefungwa na midomo yao ku mustari moja, na kila moja lazima iangalie upande wake. Donc moshi ilikuta njia wazi, kama milango tatu zinazofuatana. Nikaandika. Silicone, ile gundi ya kuziba, ilipakwa kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, ku sahani ya mugeni, mpaka ikaziba tundu ya mafuta. Nikaandika. Kila kosa likitoka Papa Kasereka alikuwa anasema, hii si mukono wa Mzee. Alisema mara mbili. Kisha tukafungua kifuniko cha pinyo.

Hapa usome polepole. Kuna pinyo ndogo, inazunguka pamoja na volan, lile gurudumu kubwa la chuma la inje. Juu yake kuna pinyo kubwa. Kila moja iko na alama, ka-tundu kadogo ku jino, na fundi anayefunga lazima alama mbili ziangaliane uso kwa uso. Mais volan ikizunguka mara mbili, pinyo kubwa inazunguka mara moja tu. Donc unaweza kukuta ndogo iko fasi yake, inaangalia juu, na kubwa imempa mugongo. Haimaanishe kosa. Inamaanisha uzungushe tena. Kama umezungusha mara mbili na hazijakutana hata mara moja, pale njo unaweza kusema aliyefunga alikosa.

Papa Kasereka alinieleza yote ile. Akauliza kama nimeelewa. Unajua kichwa changu kilifanya nini.

Macho yake hayawezi kuona ile tundu, donc kazi ya kuangalia ilikuwa yangu. Yeye alikuwa ku mulango anaongea na Mama Kanyere. Nilisukuma volan. Ni nzito kama ng'ombe inayokataa mutoni, na mikono yangu ilikuwa ya mafuta. Nikaifikisha mpaka alama ya ndogo ikaja juu. Nikaangalia ile kubwa: alama yake ilikuwa upande wa mbali kabisa, inaangalia paa. Ilibakia kuzungusha volan mara moja tena. Nilijua. Mais vidole vilikuwa vinauma, na Kambale alikuwa pale na vijembe vyake, na sikutaka kumuomba anisaidie, sababu kuomba lazima useme.

Papa akauliza toka inje kama nimezungusha mara mbili. Nikaitika na kichwa. Hakukiona. Akaingiza uso mu mulango, akauliza tena. Nikaitika tena. Angalia vizuri: nilidanganya mara mbili bila kufungua mudomo hata mara moja.

"Zinaangaliana?"

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa neno langu la kwanza ile siku, na lilikuwa la kweli, na njo lile liliharibu yote. Nikaandika mu maandishi yangu mazuri: Alama hazikutane. Pinyo zilifungwa vibaya. Nikapiga mustari chini na règle, ile rula. Kambale akatoa zile pinyo, akazilaza. Papa Kasereka akaketi ku tairi ya zamani, akakaa pale mpaka chai yake ikapoa.

Kutoka pale ningeweza kusema mercredi, kesho yake tu. Niliosha zile pinyo mbili, nikazikutanisha meno mu mikono, nikazungusha ndogo mara mbili, na nikaona kubwa inafanya hivyo hivyo Papa alivyosema. Njo nikajua nimeandika kitu sikuona. Ile mercredi Papa alipiga simu Beni. Mzee akajibu kwamba samedi atafika, kama barabara iko muzuri. Jeudi nilijaribu kusema. Nilianza na compresseur, ile mashine ya upepo, ilinisikiliza vizuri sana. Vendredi nilimufuata Papa mpaka ku fut, ile pipa ya maji, nikasimama nyuma yake, akageuka akauliza kama ninatafuta sabuni. Kichwa kikashuka. Akanipa sabuni. Nikanawa mikono iliyokuwa safi.

Samedi Mzee Salumu akafika mbele ya saa ine, na kofia nyeupe, na furushi la funguo limefungwa mu ngozi chini ya kwapa. Alisalimia kila mutu, hata mimi niliyekuwa nyuma ya fut. Mama Kanyere alikuwa ameshafika, alikaa ku kiti kimoja tulicho nacho. Mzee akavaa miwani iliyofungwa na uzi, akatembea kando ya bâche, chombo kwa chombo, cahier yangu mu mukono. Ku segment alisema hii ni ya nyumba yangu, niliachia mutu na sikurudia kuangalia. Ku silicone alisema hii pia. Hakutafuta maneno ingine. Mama Kanyere, aliyekuja na hasira ya batu munane, akaanza kuangalia viatu vyake.

Ku pinyo alisoma muda murefu.

"Nani aliandika hapa?"

"Ni huyu mutoto," Papa Kasereka akasema. "Macho yake ni mazuri."

"Maandishi pia ni mazuri," Mzee akasema.

Akanawa mikono ku fut, akaipangusa, akafungua lile furushi. Funguo zilikuwa zimepangwa toka ndogo mpaka kubwa, zingine zimelika mpaka namba zimekwisha. Akaliweka ku meza, akalisukumia Papa Kasereka.

"Nilisema mbele yenu, wewe ulikuwa mutoto wa kazi. Basi. Chukua."

Papa Kasereka akaweka mikono nyuma ya mugongo kama mutoto wa masomo ya primaire. Akasema, "Mzee, mimi siguse hii."

Na mimi nikaitika na kichwa. Hakuna mutu aliyekuwa ameniuliza kitu. Kichwa kilishuka, kikapanda, kikashuka tena, mpaka Kambale akasema, "Huyu Madame Bic iko na nini?"

"Mara moja," nikasema.

"Nini mara moja?"

"Volan. Nilizungusha mara moja. Papa aliniuliza kama ni mbili, nikaitika. Ilikuwa moja."

Ningependa kukuambia nilisema kwa sauti. Kambale alilazimika kurudilia ile maneno ku Mama Kanyere, aliyekuwa mita tatu.

Papa Kasereka akachukua cahier, akafungua ile page. Nilingoja anifukuze, nikakumbuka kwamba ile siku ilikuwa ya mwisho kwa namna yoyote, masomo inaanza lundi, na aibu ikazidi, sababu hata kufukuzwa sikuweza kufukuzwa vizuri. Kisha akasema, "Kavira, unaandika vizuri sana bintu haukuona." Hakusema ingine. Mpaka leo ningependa angepiga kelele.

Mzee yeye akaja mpaka ku fut. Akauliza pole pole:

"Ile mara moja, alama ya kubwa uliiona?"

Kichwa kilitaka kushuka. Nikasema, "Ndiyo."

"Ilikuwa wapi?"

"Juu. Inaangalia paa."

"Juu kando kidogo, ao juu kabisa?"

"Juu kabisa, Mzee. Kama saa sita."

Akamuangalia Papa Kasereka, na Papa akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa, kama kawaida. Kama kubwa iko juu kabisa, volan ikizunguka mara ile ingine inashuka chini kabisa, uso kwa uso na ndogo, bila kukosa hata jino moja. Nilikuwa nimeona ushuhuda wa kumutetea Mzee na macho yangu, na nikaandika hukumu ya kumukatia.

Mama Kanyere akaona tunasahau mambo yake. Akauliza, "Basi moshi ni zile pete. Na kutembea?"

Mzee akamuuliza motere imefungwa juu ya nini. Akajibu, ku mbao mbili za mukaratusi. Zilikatwa wakati gani? Ile wiki waliyohamia. Mzee akasema muti mubichi ukikauka unapunguka, buloni, ile boliti, inabakia imeshika hewa, na motere ingekuwa hata mupya ingetembea. Tulienda pale bote batatu, tukaangalia motere vizuri sana, Kambale na mimi tukacheka, na hakuna aliyeinama kuangalia muti. Kambale akakohoa. Papa Kasereka akasema mu Kinande neno sitaandika hapa, na alikuwa anajitukana yeye mwenyewe.

Tukaifunga mchana. Segment Mzee alipanga na mukono wake, moja moja. Pinyo akanipa mimi. Nikaweka alama uso kwa uso, kisha akasema nizungushe volan, na nihesabu. Nikahesabu mu roho. Akaweka mukono ku sikio, akasema yeye ni muzee, hasikie. Nikasema "moja." Akasema bado hasikie. Mara ya pili zilipokutana nilisema "mbili" na hata mutu aliyekuwa anapita na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao, ya kubeba makaa aligeuka.

Papa alinirudishia cahier. Alikataa nichane ile page. Nipige mustari moja tu, ili maneno yasomeke chini yake, na niandike ya kweli pembeni. Ni page ya kumi na tisa. Iko pale, na mustari wa règle, na aibu yote. Usiikate.

Mzee akafunga furushi lake, akaliweka tena chini ya kwapa. Mama Kanyere akamuambia mu Kinande wasingya, ni kusema asante, Mzee. Ku mulango Mzee akasema leo batu babili balikuja hapa kuweka kazi chini, na ni yule wa miaka kumi na saba njo anaenda. Kambale akaniuliza kama nitarudia vakansi ya Noel. Nikakishika kichwa, nikamwambia sijue, na alionekana kushangaa kwamba niko na sauti mbili kwa siku moja.

Leo asubuhi, dimanche, mbele ya misa, mama alikuwa anafunga kitambaa ku kichwa mbele ya kioo. Bila kugeuka akauliza kama nimeshapiga pasi uniforme ya kesho. Nilisikia shingo inaanza kushuka yenyewe.

"Bado, mama."

Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Basi piga." Nikatia makaa mu pasi.